Somo wa Mtoto wa Chausiku

Sogeeni karibu. Nina kesi imenikaa rohoni, na hasira zake hazijaniisha.

Katika mji mmoja wa walowezi walikuwako wanawake watatu. Bi Saumu, mtunza makaburi, hakusahau kaburi hata moja. Edna, karani wa Kizungu, hakuwahi kuchukua hata kalamu ya ofisi. Shirin, wakili, alikuwa na ulimi mkali kama wembe.

Alikuwako pia Chausiku, fundi cherehani, aliyefunga ndoa na Hendrik, fundi mitambo wa Kizungu. Baadaye polisi wakawavunjia mlango, wakawatia ndani. Sheria ilikataza mweusi na mweupe kuoana. Hebu niambieni, nani aliwapa kibali cha kuchungulia vyumba vya watu? Chausiku akajifungulia gerezani, mtoto wa kike. Kwenye cheti wakaandika, "Baba: hana." Hana! Na Hendrik yuko ng'ambo ya ukuta, anamsikia mwanawe akilia!

"Mwanangu hatakua na tusi hili," Chausiku akaapa.

Bi Saumu akaja kumwona. "Mwanangu, mlowezi wa kwanza amezikwa pamoja na mkewe mweusi. Jiwe linasema 'mke wa ndoa'. Magugu yake nayang'oa mimi." Akalitolea ushahidi jiwe lile mahakamani, wakubwa wakamfukuza kazi. Serikali ikasema jiwe si hati.

Hati ilikuwako, kwenye daftari la zamani la ndoa, na Edna aliamriwa alichome. Yule asiyegusa kalamu ya watu akaliiba daftari zima, akalificha chini ya gauni, akalifikisha kwa Shirin. Baba yake mzazi akamfungia mlango.

Shirin akasimama mahakamani siku nne, homa inamtetemesha. "Waheshimiwa," akasema, "babu zenu walioa weusi kwa halali. Kosa hili mmelibuni lini?" Wateja wake wakamhama wote, lakini majaji wakaifuta sheria.

Chausiku na Hendrik wakaachiwa, wakaenda na wale wanawake watatu kuandikisha cheti kipya. Sasa, kwa kina Chausiku mtoto wa kwanza hupewa jina la aliyemwokoa mama yake. Huyo ndiye somo wake, humtoa nje siku ya arobaini na humshika mkono siku ya harusi. Somo ni mmoja tu.

"Bila jiwe langu mngeanzia wapi?" akauliza Bi Saumu.

"Jiwe walilikataa, Bibi," akasema Edna. "Daftari hawakuweza."

"Daftari halisemi lenyewe," akajibu Shirin.

Chausiku akawatazama, machozi yakamlenga. Kila mmoja amepoteza kitu kwa ajili yake. Amchague yupi, awaumize wepi?

Karani mwingine, aliyekuwa akiandika cheti, akainua kalamu. "Jina la baba nimeshaandika. Mtoto anaitwa nani?"

Haya, mnaonisikiliza, kalamu inangoja. Wewe ungemwita nani?