Okidi Iliyozidiwa na Mapenzi

Mapenzi ni jambo jema, na Mungu ndiye aliyeyatia mioyoni mwetu. Lakini kazi moja ikishikwa na kila mtu, na kila mtu akiwa na lake, hata mapenzi huharibu. Ndiyo maana wahenga walituonya kuhusu chombo chenye manahodha wengi.

Palikuwa na bibi mmoja mjane. Marehemu mumewe alimwachia okidi iliyoning'inia dirishani, ndani ya kikapu cha vipande vya magome na makaa, kwa kuwa okidi ile haikutaka udongo. Ilichanua mara moja kwa mwaka, maua meupe pe, na jioni yakanukia nyumba nzima. Macho ya bibi yalipoingia giza hakunung'unika. Alisema tu, "Mungu kanifungia madirisha mawili, pua kaniachia wazi. Mzee wangu nitamsikia kwa ua lake."

"Wewe pumzika, mama," akasema mwanawe, fundi seremala. "Okidi tutaitunza sisi."

Sisi! Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Seremala aliimwagilia asubuhi kabla ya kushika msumeno, akaisogeza juani. Mkewe, mshonaji, akiinuka kwenye cherehani aliirudisha kivulini na kuimiminia maji aliyooshea mchele, ati ipate nguvu. Mjukuu naye, binti mwenye huruma kama mvua ya masika, akitoka shule aliinywesha chai yake iliyobaki, yenye sukari. Kila mmoja alifanya kimyakimya, akidhani wenziwe wamesahau. Kikapu kikawa kama mgeni asiye na chumba.

Majani yakageuka manjano. Nani angemwambia bibi? Kila mmoja akazidisha maji na kumwomba Mungu.

Siku moja bibi akapapasa ukuta mpaka dirishani, akainua pua. "Mbona nasikia harufu ya mtaro?" Akatia vidole kikapuni. Mizizi ikamenyeka mkononi mwake, laini kama tambi. Uso ukamsawijika.

"Nani kaimwagilia hii?"

"Mimi, mama," akajibu seremala.

"Ala! Kumbe na wewe?" mkewe akamaka. "Mimi je, ninayeimwagilia kila siku?"

"Na mimi niliipa chai, bibi," akanong'ona mjukuu.

"Chai! Na mkate hukuipa?"

Mjukuu akaangua kilio. Bibi akamvuta kifuani. "Nyamaza, mke mwenzangu. Hata babu yako mwenyewe sikuwahi kumdekeza hivyo." Kisha akanyoosha mkono. "Leteni mkasi. Kuanzia leo asiiguse mtu ila mimi."

"Lakini mama, na macho hayo..." mkamwana akaanza.

"Vidole vyangu vinaona, mwanangu. Nyinyi mna macho sita, na mmeitazama ikifa."

Mjukuu akaleta mkasi. Bibi akakata uozo wote, ukabaki mzizi mmoja mgumu, wa kutilia tumaini. Tangu hapo aliipapasa kila asubuhi baada ya sala. Ikiwa na unyevu aliiacha, ikikauka aliipa maji kidogo. Seremala alipita dirishani akitazama upande mwingine, asije akashawishika. Mjukuu alikunywa chai yake mbele ya bibi mpaka tone la mwisho, kisha akamshikisha kikombe kitupu awe shahidi.

Mwaka ukazunguka. Jioni moja seremala akasimamisha randa. Katikati ya harufu ya mbao palikuwa na nyingine, tamu, iliyomrudisha utotoni magotini pa baba yake. Akakimbia ndani. Mkewe na binti yake walikwisha kusimama mlangoni. Bibi alikuwa ameketi chini ya dirisha, machozi yakimtiririka juu ya tabasamu.

"Mzee kaja," akasema. "Mungu ashukuriwe."

Kwa furaha seremala akakimbilia jikoni. Bibi akasikia bomba likifunguliwa.

"Weka kikombe chini, nahodha!"

Wote wakaangua kicheko, na seremala akayanywa maji yale mwenyewe. Hakika, manahodha wengi, chombo huenda mrama.