Funda la Maziwa Karaini

Mwiba ni kitu kidogo. Humchoma mtu akacheka, akaendelea na safari yake. Mguu ukianza kuvimba ndipo kicheko humtokea puani. Hayo ndiyo yaliyomkuta Dauren, mhandisi wa maabara moja katika nyika za Kazakhstan, asubuhi aliyokuwa ameingoja kwa miaka mingi.

Kazi ya Dauren ilikuwa kujiandaa kwa siku ambayo kila mtu huomba isifike. Kinu cha nyuklia kikipata ajali kubwa, kiini chake huyeyuka kikawa uji wa moto unaotoboa chuma na saruji. Yeye alibuni karai la chuma, lililojengewa matofali ya kuhimili moto, la kuudaka uji huo chini ya kinu usifike ardhini. Siku hiyo wangeumimina uji kama huo katika karai la majaribio, mbele ya wageni waliokuwa wakijenga kinu kipya. Likihimili, wangelichukua, likishindwa, wangechukua la wapinzani wake. Nao wageni walikuwa na ndege ya jioni.

Tangu alfajiri hakutulia. Aliketi, akasimama, akaiacha chai ipoe, akakagua nyaya alizokwisha kuzikagua. Matofali yalikuwa yamekaushwa kwa siku nyingi, kwani unyevu ndio adui mkubwa wa kazi ile. Mama yake alikuwa amempa chupa ya maziwa ya farasi na kumsihi asianze jambo kubwa bila kulinyunyizia cheupe, yaani maziwa ya baraka, kama walivyofanya babu zake. Dauren alikusudia kunyunyiza mlangoni tu. Lakini moyo ulimdunda, akaona baraka za mlangoni hazitoshi. Akamimina maziwa bakulini, akainama juu ya karai, akachovya vidole. Bakuli likainama, na funda zima likapotelea kati ya matofali mawili.

Akapangusa upesi kwa kitambaa. Alipogeuka, Zhanar, mhandisi mwenzake, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kaka, hayo yameingia ndani," Zhanar alisema. "Tulikaushe tena mpaka kesho."

"Kesho nitamwonyesha nani? Wageni wanaondoka leo."

"Waombe wabaki."

"Niwaambie nini? Kwamba karai la kuzuia moto wa jehanamu limeshindwa na maziwa ya mama?" Dauren alicheka. "Uji ule unayeyusha chuma, dada yangu. Hayo maziwa yatakauka kabla hujapepesa jicho."

"Yakikauka, mvuke wake utapita wapi?"

Dauren akaenda kufunga kifuniko. Zhanar akatoka mbio kumwita Mzee Toktar, mkurugenzi wao. Waliporudi, kifuniko kilikuwa kimefungwa na tanuri la kuyeyushia uji lilikuwa likiwaka. Mzee aliuliza mbele ya wageni kama karai ni kavu. Dauren akasema ni kavu kama mfupa wa jangwani, na Mzee akamwamini.

Wakajipanga nyuma ya ukuta mnene, macho kwenye skrini. Uji ukashuka, mweupe kwa moto, karai likaupokea. Mgeni mmoja akatabasamu. Dauren alikuwa ndiyo kwanza ameshusha pumzi uliposikika mshindo. Tofali likaruka, la pili likafuata, uji ukapenya penye pengo na kuanza kula chuma. Punde karai likatoboka mbele ya macho yao. Hakuna aliyeumia, lakini Dauren alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akaeleza yote, akaapa kwamba matofali hayana kosa, kosa ni la maziwa. Kiongozi wa wageni, mama mmoja mpole, alimsikiliza hadi mwisho.

"Huenda karai lako ni zuri," alisema. "Lakini tungelinunua kwa neno lako, na asubuhi neno lako lilikuwa kwamba ni kavu."

Jioni ndege ilipita juu ya nyika. Simu ikalia; ni mama yake, akiuliza kama alikumbuka kunyunyiza.

"Nilikumbuka, mama," Dauren alisema.

Wahenga hawakukosea: mdharau mwiba, mguu huota tende.