Njia Mbili za Kwenda Zahanati

"Mlima hupimwa kwa pumzi, si kwa hatua." Mmeisikia kwa wabeba viazi, mkadhani wanatetea uvivu wao. Basi ilianza hivi, wajukuu zangu, na aibu yake ni yangu.

Hapa kwetu Usambara, zahanati ilikuwa juu ya kilima. Njia zilikuwa mbili: mzunguko, uliopinda mara saba ukipanda taratibu, na mkato, uliokwenda juu moja kwa moja kwa nusu ya hatua za mzunguko. Mgonjwa alibebwa kwa machela, wanaume wanne mabegani, wanne nyuma wakingoja zamu. Mwiko ulikuwa mmoja: zamu hubadilishwa penye tambarare tu, maana machela ikituliwa kwenye mwinamo, mgonjwa huporomoka.

Asubuhi ile mke wangu Mwanaidi alishikwa na uchungu wa uzazi, damu ikaanza kumtoka. Nilikuwa kijana, na hofu ilinifanya mjuaji. "Mkato!" nikaamuru. Hakuna aliyenibishia, kwa kuwa mke ni wangu.

Hatujafika hata nusu, pumzi zikatuishia. Tambarare ya kubadilishana hatukuiona. Mwanaidi aliteleza kuelekea mwisho wa machela, akang'ang'ania miti ya machela. Mwanzo alikuwa akilia. Sasa alinyamaza, na ukimya ule ulinitia kiwewe.

Bi Nyange, mbeba viazi, alituona kutoka kwenye mzunguko.

"Shukeni!" akaita. "Piteni huku!"

"Bi Nyange, tutachelewa! Mke wangu anakufa!"

"Mwanangu, juu ni kule kule kwa njia zote mbili. Huku unapanda kidogo kidogo, na kila kona ina tambarare. Huko mmejitwisha kilima kizima kwa mara moja. Nyie mmehesabu hatua. Mlima hupimwa kwa pumzi."

"Lakini tumeshafika mbali!"

"Mbali gani, na mmesimama?"

Tukashuka kinyumenyume, nami nikilia waziwazi. Kwenye mzunguko tulibadilishana zamu kila kona, hatukusimama tena mpaka zahanati.

Mwanaidi alipona. Mkunga alinikabidhi mwanangu wa kiume ndani ya khanga, bado ana joto, hapumui. Akasema kwa upole, "Mngewahi kidogo tu."

Nilimteremsha mwenyewe kwenda kumzika, kwa njia ile ndefu. Mlima hupimwa kwa pumzi, si kwa hatua.