Siku Saba za Mwalimu Yonazi

Ninyi wajukuu hamna haya. Mgongo unaniuma, maharage hayajachambuliwa, nanyi mnataka hadithi ya Bibi Nakijwa, tena. Si juzi tu nimeisimulia? Haya, chambueni huku mnasikiliza. Atakayeacha jiwe ndiye atakayelitafuna.

Paukwa!

“Pakawa!”

Mnajibu kama wagonjwa. Paukwa!

“Pakawaaa!”

Hapo zamani za kale, Kitabu cha Mungu kilipokuwa bado kigeni huku milimani, palikuwa na kijiji chenye Kitabu kimoja tu. Kilikaa ndani ya kasha la Mwalimu Yonazi. Yonazi alikuwa mgane, mwenye goti bovu na binti mmoja, Namsifu. Alimfundisha kusoma, ili amsaidie macho yakichoka.

Akaja mchumba, Mndeme, kijana wa mikono mikubwa na maneno machache. Yonazi akamwambia, “Nilimie siku saba, kisha umchukue.”

Mndeme akalima. Kwaa! Kwaa! Kwaa! Siku saba. Ya saba jioni akanawa, akaja kumchukua mke.

“Bado,” akasema Yonazi. “Kwenye Kitabu, siku moja ni mwaka mmoja. Imeandikwa. Umebakiza miaka saba kasoro siku saba.”

Mndeme hakujua a wala be. Kitabu alikiogopa kama radi. Akarudi shambani. Kwaa! Kwaa! Masika yakaja, yakapita. Kwaa! Kwaa! Vuli ikaja, ikapita. Miaka miwili ikaisha. Wenzake wakapata watoto, watoto wakaota meno, yeye ana jembe tu. Namsifu akakonda, asiseme kitu. Baba ni baba, na hakuna aliyemuuliza.

Bibi Nakijwa alikuwa mfinyanzi, mzee kuliko wote, asiyeweza kusoma hata jina lake. Siku moja alikwenda kuchota udongo, akamkuta Mndeme amekaa juu ya mpini wa jembe, analia.

“Nini, mwanangu? Umejikata?”

“Hapana, bibi. Nahesabu.”

“Umefika ngapi?”

“Miwili. Imebaki mitano.”

Akamweleza yote. Bibi akatema mate. “Nimeanika vyungu tangu usichana wangu, sijaona siku inayofura kama tumbo la mbuzi aliyeiba mahindi!”

Jumapili, ibada ilipokwisha, akasimama mbele ya watu.

“Mwalimu, mimi mjinga. Hiyo siku iliyokuwa mwaka, Mungu alimwambia nani?”

Yonazi akakohoa. “Mambo mazito hayo, bibi. Kwa Mungu siku moja ni kama miaka elfu.”

“Kwa Mungu. Wewe umekuwa Mungu tangu lini?”

Watu wakacheka.

“Tena nasikia na miaka elfu ni kama siku moja. Mbona huko hukumsomea kijana? Namsifu, mwanangu, njoo usome hapo penye siku kwa mwaka. Leo nakuuliza mimi.”

Msichana akaja mbele. Akapekua kurasa, akasoma. Palikuwa na nabii. Mungu akamwamuru alale ubavu mmoja, watu wakimwona, aubebe uovu wa watu wake. Kila mwaka wa uovu, siku moja ya kulala. Na mkate wake auoke kwa moto wa mavi ya ng'ombe.

Watu wakamgeukia Yonazi. Hata watoto.

“Kumbe!” akasema Bibi Nakijwa. “Siku kwa mwaka alipewa mwenye kubeba. Wewe, Yonazi, umeitumia kumbebesha mwenzio.”

Yonazi akakaa chini, goti likalia ko! Akasema polepole, “Akiondoka huyu, nani atanipikia uji? Nani atanilimia?”

“Ungesema hivyo mwanzoni, tungekulimia sote. Upweke si dhambi, ndugu yangu. Lakini wewe umeuvika kanzu ya Mungu ukatutisha nao.”

Mimi namhurumia Yonazi, nisiwafiche. Kuzeeka peke yako si mchezo. Lakini huruma yangu haimrudishii Mndeme masika mawili.

Wazee wakauliza, “Sasa tumfanyeje?”

“Si mmesikia? Alitaka kuiba miaka saba. Alale siku saba, ubavu mmoja, uso ukutani, asigeuke. Na arusi ni siku ya nne. Msichana hangoji tena.”

Yonazi akainamisha kichwa. “Nakubali.”

Basi, wajukuu, shule yangu mimi iliishia kufagia uwanja. Saba, arobaini, elfu, za Kitabu sizijui zote. Ila mtu akikuhesabia siku za Mungu, mtazame kwanza. Mzigo uko kichwani kwake, au kwako?

Yonazi akalala. Na mkate uliookwa kwa mavi, kama wa nabii, akaula. Siku ya kwanza alikunja uso, ya pili akauliza kama upo mwingine. Siku ya nne, ngoma: ndi! ndi! ndi! Vigelegele: lililililii! Namsifu akaingia kuaga, akapiga magoti nyuma ya mgongo wake.

“Baba, nakwenda.”

“Nenda, mwanangu. Umevaa nini?”

“Shanga za mama.”

Mabega ya Yonazi yakatikisika. Watu mlangoni wakasema sasa atageuka. Hakugeuka. Akasikia shanga, cha, cha, cha, zikitoka nje, zikishuka kilima, mpaka asizisikie tena. Mtoto wake wa pekee, na arusi yake hakuiona. Hayo ndiyo aliyolipa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na tamu zaidi aisimulie yeye.