Kimulimuli na Njia ya Mwanga Mkuu

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Palikuwa na kijiji ndani ya kipande cha kioo, kidogo kuliko ukucha wako wewe unayecheka. Barabara zake zote za kioo, na humo ulipita Mwanga Mkuu kutwa nzima, fwaaa! Kwenye njia panda palikuwa na kibarabara cha duara, kama pete. Njia moja ilikwenda kwa Ngiri, bwana mkubwa wa kijiji mwenye kitambi, ambaye chakula chake ni mwanga; nyingine ilishuka mtaa wa chini.

Lakini Mwanga Mkuu ulinyoosha tu kwa Ngiri. Fwaaa, akaula. Fwaaa, akaula. Mtaa wa chini, mama mmoja, Kimulimuli, alikuwa na mayai saba yaliyopoa. Yasipopata mwanga siku ile, yangekufa. Alilia mama yule, jamani, alilia.

Majirani wakaziba njia ya kwa Ngiri kwa mlango wa mbao, ili Mwanga Mkuu ugeuke: ukaungua. Wakaziba kwa chuma: kikayeyuka. Kimulimuli akafuta machozi, akaenda kwa Ngiri.

"Hodi, Bwana Mkubwa!"

"Karibu, kama hujaja kuomba."

"Siombi. Kwetu mkubwa husifiwa kwa kuzungukiwa na taa. Niruhusu nizunguke kwenye ile pete yako."

Ngiri akakitazama kitaa cha Kimulimuli, akacheka, hohoho! "Kijimwanga hicho? Zunguka mpaka uchoke!"

Kimulimuli akaingia peteni. Zungu, zungu, zungu. Kila akizunguka, mwanga wake ukajikusanya. Kioo cha pete kikapata joto, kikavimba kidogo, kidogo sana, mpaka pete ikaenea sawasawa na hatua ya Mwanga Mkuu. Mwanga Mkuu ukafika, fwaaa, ukavutwa peteni, ukakata kona, ukashuka mtaa wa chini!

Ngiri kaachama. Giza tupu. Akajaribu kuingia peteni amkamate, kitambi kikagoma. Huko chini, ta! ta! ta! Mayai yakapasuka yote saba, vitoto vikatoka. Kimulimuli akasikia, moyo wake ukajaa furaha.

"Nakufa njaa!" Ngiri akalia.

"Hufi, Bwana Mkubwa. Nikiwaka, Mwanga Mkuu unakwenda mtaa wa chini. Nikizima, unakuja kwako."

Akazima: fwaaa, Ngiri akala. Akawaka: fwaaa, mtaa wa chini ukang'aa. Mpaka leo wanapokezana hivyo, na vitoto vyake vimejifunza kazi.

Funzo lake, watoto? Mwenye taa ndogo atulie kwake, asiwasumbue wakubwa wakila. Mnabisha, eti Kimulimuli hakutulia? Nyamazeni, ndivyo funzo la Ngiri linavyosema!

Ngano naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Ngiri. Siku hizi hali peke yake.