Zimwi Lililonenepa kwa Kuitikiwa

Haya sogeeni, na atakayesinzia nitamfinya! Palikuwa na mji ambao mfalme wake aliamuru kila mdomo uwe huru, hata wa zimwi. Basi zimwi likaja sokoni, dogo kama paka, likapaza sauti: "Wafinyanzi ni wachawi!"

Watu wakaitikia, "Naam!" Zimwi likavimba kama mbuzi. Likarudia, wakaitikia; likawa kama ng'ombe, likammeza Nunu mfinyanzi.

Dada yake, Mize, naye mfinyanzi, akamgeukia mume wa Nunu. "Shemeji, hata wewe umeitikia?"

"Adabu tu, shemeji. Mtu akinena huitikiwa."

Mize akasonya. Zimwi likamkodolea yeye sasa, likapaza: "Wafinyanzi ni wachawi!" Kabla watu hawajaitikia, Mize akawajaza udongo mbichi vinywani. Zimwi likaita, likaita, likaita. Likanywea hata akalifunika kwa chungu.

Mnadhani walishukuru? Walitema udongo wakafoka: "Umetuziba midomo! Mfalme ameturuhusu kusema!"

"Na Nunu je?" akauliza Mize. "Yeye aliyemezwa, aseme kwa mdomo upi?"

Ngano yangu nimeitua hapo. Mwenye jibu anijibu; mwenye kelele akalale.