Hija Moja na Moshi wa Alfajiri

Tarehe kumi na mbili Machi, saa kumi na moja alfajiri, mume wangu Mhina alikohoa mara ya mwisho, akatulia. Tangu hapo nyumba imekuwa kubwa, nami nimepewa jambo la kuamua ambalo akili yangu hailiwezi. Sikilizeni, mnisaidie.

Hapa mtaani kwetu Tanga walikuwapo watu watatu. Mhina alikuwa na uvumilivu. Hoza, mtoto wa kaka yangu, alikuwa na ukaidi. Siwema, binti wa jirani, alikuwa na jicho la kuchunguza. Na lilikuwapo tanuri la kuyeyushia vyuma chakavu, lililotuachia kikohozi nyumba kwa nyumba. Wenyewe walisema wanaliwasha mchana tu, upepo ukivuma, kama walivyoruhusiwa.

Mhina ndiye aliyekubali watu wa utafiti watundike kipima hewa ukutani kwetu. Majirani walikataa, wakiihurumia luku yao ya umeme. Yeye alikitunza miaka minne. Umeme ukikaribia kwisha, alizima feni yake kwanza.

"Zaina," aliniambia, "feni inanipoza mimi. Hiki kinapima mtaa."

Alipokufa, mradi nao ulifungwa. Tukaambiwa kumbukumbu zote za kile kipima zitafutwa mtandaoni mwisho wa mwezi. Hoza akaanza kuzipakua kwa simu yake. Zilikuja kipande kwa kipande, na mtandao ukikatika anaanza upya. Alipanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao, mpaka watoto wakamwita Kunguru. Hakuacha mpaka kipande cha mwisho kilipoingia.

Watu wa mtaa wakazipeleka kwenye baraza la mji. Mimi nilikuwa edani, nikasimuliwa. Msimamizi wa tanuri alitazama, akacheka.

"Moshi mkubwa kuliko wote ni wa Alhamisi jioni. Alhamisi sisi tunafunga mapema. Au mnataka tuwazimie na vyetezo vyenu?"

Baraza zima likacheka. Siwema hakucheka. Alikuja nyumbani, akautazama ukuta, akauliza, "Bibi, Alhamisi jioni babu alikuwa anakaa wapi?"

"Hapo hapo, chini ya kipima. Anafukiza ubani, kisha anasoma Yasini."

Binti akashika kichwa. Kisha akafanya kazi. Aliziondoa zile saa za ubani, Alhamisi moja baada ya nyingine, miaka yote minne, na kila alipoondoa akaandika sababu. Moshi uliobaki ukaonekana wazi: saa kumi na moja alfajiri, siku baada ya siku, hewa imetulia, mtaa umelala, na Mhina yuko njiani kwenda msikitini.

Watu wakarudi barazani na kazi yake, na sasa tanuri limehamishwa.

Eda ilipokwisha, Alhaji Kipingu, mwenye malori, akatoa zawadi kwa aliyetuokoa: nafasi ya Hija, moja tu. "Bi Zaina, wewe ndiye mfiwa. Amua."

Hoza akasema, "Shangazi, bila mimi huyu angesafisha nini?"

"Na bila mimi, Kunguru, ungerudi barazani na moshi wa ubani," akajibu Siwema.

Wakacheka wote wawili. Kisha wakanitazama, maana wanajua Mhina alikufa akiitamani Makka. Alhaji anasema yuko tayari kumpeleka mtu aliyekwisha kuhiji, amhijie marehemu.

Moyo wangu unanivuta kwa mume wangu, nami siuamini. Kipima kilichoukamata moshi alikitunza yeye. Ubani uliofanya tuchekwe barazani aliufukiza yeye pia. Hoza aliokoa vipande vyote, kibovu na kizima, bila kujua kipi ni kipi. Siwema alijua, lakini angejua nini kama vingekuwa vimefutwa? Nimesali nikaomba kuongozwa, nikaamka nimechanganyikiwa vilevile.

Je, ninyi mnaonisikiliza, Hija hii mngempa nani? Semeni polepole, nitasikia.

Ewe Mola, msamehe Mhina. Mpanulie kaburi lake. Mfungulie dirisha la Pepo, upepo safi umfikie. Amina.